Nyota Ndani ya Karai la Molasi

Dunga, Kisumu
18 Februari 2024

Mama Rozari wangu,

Amosi ahinya, nyaminwa, dada yangu. Natumaini baridi ya Kitale haijakugandisha magoti na hayo maombi yenu ya alfajiri huko utawani. Huku tuko sawa. Mama anakusalimia, anasema uvae soksi. Ng'ombe amezaa ndama dume, na Baba Walter, baba yetu mdogo, amenuna kwa sababu alitaka jike, kama vile ng'ombe alimpigia simu wakakubaliana. Bridget, jirani yetu wa nyumbani Kisian, ameolewa Ahero kwa watu wa mpunga. Sasa akipiga simu ni kuringa na wali tu. Mimi bado niko na kibanda changu hapa Dunga, natengeneza simu kando ya wamama wa samaki, kwa hivyo kila simu inatoka kwangu ikifanya kazi na ikinuka mbuta.

Najua barua zako zinasomwa kwanza. Sista Mlezi, kama uko hapa, salamu sana, mimi ndiye ndugu yake.

Sasa habari yenyewe. Nimepata kitu.

Unamkumbuka Mark wa vyuma chakavu huko Kibuye? Ameniletea simu imepasuka skrini, na ndani ya gunia lake nikaona kitu ya shaba, ya pembetatu, imeshikana na nyaya za friji. Nikamuuliza hii ni nini. Akasema, "Hiyo ni shaba." Nikasema naona ni shaba, lakini ni nini? Akasema, "Owiti, shaba ni shaba." Huyo ndo Mark. Nikamtengenezea simu, akaniachia.

Siz, ni sekstanti. Hata jina sikujua, nimelitafuta kwa mtandao siku nzima wateja wakinifokea. Ni kifaa cha manahodha wa zamani, cha kujua uko wapi majini ukitumia nyota. Mark anasema kilitoka kwa meli kuukuu iliyokatwakatwa. Kina vioo viwili vidogo, kadarubini, na mkono unaoteleza juu ya upinde wenye alama za digrii. Ukichungulia, kioo kimoja kinaona mbele, kingine kinaona juu. Unasukuma ule mkono polepole, na nyota inashuka. Kweli inashuka, Aloo. Inatoka pale Mungu aliiweka, inakuja chini mpaka inakanyaga maji. Hapo unasoma digrii, unaangalia saa, unafanya hivyo na nyota ya pili, unapiga hesabu, na unajua umesimama wapi duniani.

Shida ni kwamba hapa Dunga maji hayana mwisho safi. Ng'ambo kuna milima, na kifaa kinataka mstari wa maji matupu. Nimesoma kwamba wazee wa kazi hii wakiwa nchi kavu walikuwa wanatumia sinia la zebaki, nyota inajionyesha mle ndani. Mimi zebaki nitatoa wapi? Nimechukua molasi, ile ya kulisha ng'ombe, nikamwaga kwa karai. Nyeusi, nzito, upepo hauitikisi. Jioni giza likianza, unaona nyota imetulia mle ndani kama jicho. Kazi yako ni kushusha ile ya juu mpaka ikutane na ile ya karai. Adui ni sisimizi tu. Jana mmoja amevuka nyota Sirius kwa miguu.

Usiniambie ni upuuzi. Baba angekipenda.

Ndiyo, nimemtaja. Baba Walter pia amemtaja. Anasema mwaka ukiisha tangu mtumbwi upatikane bila yeye, ukoo utazika yago. Mimi sijajibu.

Ndugu yako,
Owiti


Kitale
10 Machi 2024

Owadwa, ndugu yangu Fundi,

Tumsifu Yesu Kristo. Soksi nimevaa, mwambie Mama. Mwambie pia nimeongeza mwili, chakula ni viazi na viazi. Tunalima vitunguu, tunaimba, tunanyamaza. Kunyamaza ndo kazi ngumu. Mama Nabalayo, mlinzi wa geti letu, ananicheka, anasema Mjaluo akinyamaza apelekwe hospitali. Mpongeze Bridget. Mwambie Baba Walter dume pia ni ng'ombe.

Sista Mlezi amesoma barua yako mpaka mwisho. Alicheka hapo kwa sisimizi. Nimeshukuru.

Owiti, kuhusu Baba. Walter ana haki. Mtu akizama na ziwa likakataa kumrudisha, tunazika yago, lile tunda refu kama mkono wa mtu, linafungwa kwa shuka yake na kushushwa kaburini na mtoto wake wa kwanza wa kiume. Ndivyo babu zetu walifanya, na padre wetu hajakataa. Mtoto huyo ni wewe, kwa hivyo wanakungoja wewe.

Najua kwa nini hujibu. Yago likishazikwa, mwenyewe hana tena mlango. Hata arudi akiwa mzima, akiwa na jina lake mdomoni, haingii boma lake. Anatazamwa kama kitu kingine kilichovaa sura yake. Na wewe bado unafikiria Baba yuko kisiwa fulani anakula samaki. Mtumbwi ulikutwa kwenye magugu karibu na kisiwa cha Ndere, taa ikiwaka bado. Mtu anayekimbia haachi taa.

Hicho kifaa ni kizuri. Pima nyota zako, utulie. Halafu mjibu Walter.

Nakuombea,
Aloo


Dunga
7 Aprili 2024

Mama Rozari,

Pasaka njema, hata kama itakufikia Pentekoste. Tulikula kuku kwa Baba Walter, Mama aliimba, alipofika kwa ubeti wa tatu akanyamaza akaenda kuangalia jiko. Ndama amepata jina, anaitwa Kosa. Mabati ya Mama yanavuja sana na mvua hii. Hilo nitakuambia siku nyingine.

Nimepima.

Siku ya kwanza Sirius na Kanopus, mbingu safi, karai limetulia. Apu ya simu ikapiga hesabu, nikaweka pini kwa ramani. Pini ikaanguka majini. Mbali, magharibi ya Dunga, katikati ya maji. Nikasema sawa, mimi ni mwanafunzi. Labda nimesahau kukata nusu, kwa sababu ukitumia karai pembe inakuja mara mbili. Nilikuwa nimekata. Labda vioo vimepinda. Nikavinyoosha, nikajaribu kwa mlingoti wa simu, viko sawa. Nikapima tena, na tena wiki iliyofuata. Pini inarudi palepale kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Nikamwita Simiyu, rafiki yangu anayesomea upimaji wa ardhi. Mbukusu huyo hana heshima kwa kitu chochote. Aliona karai akauliza, "Hii unapima ama unapika chang'aa?" Nikampa kifaa. Nyota zile zile, karai lile lile, jioni ile ile. Pini yake ikaanguka hapa Dunga, kando ya kibanda, karibu kabisa na choo cha ufuo. Akaniambia, "Kifaa kiko sawa. Aliyepotea ni wewe." Tukacheka mpaka wamama wa samaki wakatugeukia.

Nikasema haya, napima mbele yako. Mimi nishike tu, digrii usome wewe, simu ushike wewe. Tukafanya hivyo. Pini ikaenda majini. Simiyu akatazama ramani, akatazama mikono yangu. Akasema ana mtihani asubuhi, akachukua kofia yake. Mtihani wa nini, na shule zimefungwa?

Sasa sikiza. Niliwatafuta wavuvi wawili waliouvuta mtumbwi wa Baba. Nikawapa simu, ramani tupu, nikawaomba tu wanionyeshe waliupata wapi. Mmoja akasogeza, akasogeza, akaweka kidole. Sitakuambia kidole kilikaa wapi. Unajua.

Hapo ndipo ninapoonekana kuwa, Aloo. Kila nikiuliza mimi niko wapi, kifaa kinaniambia niko pale.

Baba Walter ameuliza tena. Nimemwambia angoje.

Owiti


Kitale
2 Mei 2024

Owadwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Tumesikia kwa redio ya jikoni maji yamefunika Ahero. Bridget yuko salama? Tumewaombea jina kwa jina. Mimi mzima, vitunguu vimeoza kwa mvua, Mama Nabalayo ameugua mafua na bado hakubali mtu mwingine ashike funguo za geti.

Barua yako ilikaa kwa Sista Mlezi siku nyingi. Aliniita akaniuliza kama kwetu tunapiga ramli. Nikamwambia hapana, ni shaba na vioo. Akakunja barua, akanipa.

Nimefikiria jambo lako na naona ni rahisi. Mkono wako unajua moyo unataka kwenda wapi. Unasukuma kidogo sana, hujioni, na nyota inashuka mahali unapotaka ishuke. Ni huzuni tu, Owiti. Huzuni inaweza kushika kifaa. Acha Simiyu ndiye apime kama mnataka kujifurahisha.

Na tafadhali usiniulize kama namuota.

Aloo


Dunga
2 Juni 2024

Nyaminwa,

Bridget yuko salama. Walimtoa kwa mtumbwi kutoka juu ya meza, na shamba lote la mpunga limekuwa ziwa. Hajaringa wiki tatu, tumemkosa. Mama ana kikohozi. Anaweka sufuria nne chini ya mabati yanayovuja, na usiku zinalia kila moja na sauti yake.

Sikukuuliza kama unamuota. Rudia barua yangu. Sasa umeshanijibu kitu ambacho sikuuliza, na mimi sitakisukuma.

Ulisema ni mkono wangu. Nilikubali, kweli nilikubali, nilikiweka kifaa ndani ya sanduku chini ya kitanda. Halafu nikajiambia, kama ni mkono wangu, basi mkono wangu utaendelea kusema kitu kimoja. Nikakitoa.

Pini imetembea.

Haiko tena kwenye magugu ya Ndere. Imekuja upande wa mashariki, inafuata ukingo wa ghuba, polepole, kama mtu anayesukuma mtumbwi kwa mti bila haraka. Nikizichora pini zangu zote kwa mpangilio zinakuwa mstari, na ukiunyoosha ule mstari unafika Kisian. Unafika kwetu. Mimi sikuupanga. Mimi nilikuwa nataka apatikane kisiwani, akiwa hai na akiwa mlevi, nimtukane. Mkono wangu ungependa hivyo.

Kuna moja tu iliyonitupa. Jumapili ya Pentekoste nilipima Spika na Arkturus, na pini ikaruka kabisa, ikatoka majini, ikaenda kaskazini nchi kavu, karibu na Kitale kwenu. Nilicheka, nikasema hata kifaa kimeenda kusali. Nikaifuta. Kesho yake pini ikarudi kwenye mstari wake.

Simiyu amerudi lakini anakaa mbali na karai. Ananiambia, "Buda, kama kitu kinakuja kwa mguu, si ukae tu ukingoje, lazima ukipime?"

Aloo, kama anakuja, tutazikaje?

Owiti


Kitale
23 Juni 2024

Owiti,

Zikeni. Msingoje mwaka uishe.

Na usikishike tena hicho kifaa.

Aloo


Dunga
18 Agosti 2024

Mama Rozari,

Barua yako haina salamu. Nimeigeuza nyuma na mbele nikifikiri imeanguka karatasi nyingine. Mtu wa Mungu, hata soksi hukuzitaja. Imenifikia mwezi wa saba ukiisha, kwa sababu ya maandamano mjini, na mimi nimekaa nayo pia, nikiwa na hasira. Huwezi kunipa amri bila sababu. Mimi si mnovisi.

Haya, salamu. Mama anapata nafuu. Kosa amekula nusu ya shuka ya Baba Walter kwenye kamba, na Walter amesema atamchinja Krismasi, ndama na jina lake.

Tulikaa kikao Kisian. Walikuja wazee wote wa ukoo na viti vyao vya plastiki. Baba Walter aliongea vizuri, sitamdharau. Akasema, "Owiti, mimi nimempoteza ndugu, sikumpoteza mbuzi. Unafikiri nafurahi?" Nikawaambia wangoje kidogo. Wakauliza tungoje nini. Sikuwaambia habari ya pini. Ningesema nini, na molasi iko kwenye kucha zangu?

Halafu Mama akaomba kusema. Unajua Mama haongei vikaoni. Akasema, "Kanisani wajane hawanipi kiti, wanasema mimi nina mume. Wake za watu wananipita kwa upande, wanasema mimi ni mjane. Mvua inanyesha kitandani kwangu na hakuna mwanamume anayeweza kupanda juu ya nyumba hii kubadilisha bati, kwa sababu mwenye nyumba hajulikani kama yuko au hayuko. Mniambie tu mimi ni nani. Nitakubali lolote."

Nikasema sawa. Wamepanga Jumamosi ya mwisho ya Novemba, watu wa Nairobi wapate nafasi. Nitashusha yago mimi mwenyewe. Kwa hivyo nimekutii, hata kama hukuniambia kwa nini.

Lakini kabla sijakiweka kifaa nilipima mara moja zaidi, siku ile ile ya kikao, jioni, kule nyumbani. Pini imetoka majini. Iko kwenye mafunjo, chini ya ile njia mbuzi wanapitia kwenda kunywa. Nikamuuliza Mama kama kuna kitu ameona upande ule. Akasema hapana, hakuna kitu. Akasema tu mbwa ameacha kubweka jioni. Anakaa akitazama ile njia na kutikisa mkia. Halafu Mama, na wa kula tukiwa wanne tu, akatoa sahani ya tano kabatini, akaitazama, akairudisha. Aliona kwamba nimeona.

Sasa kifaa kiko sandukuni. Nakupa ahadi. Wewe nipe sababu.

Owiti


Kitale
3 Novemba 2024

Owadwa mpendwa,

Nisamehe kimya. Nimeandika mara nyingi na kuchana. Hii haijasomwa na Sista Mlezi. Mama Nabalayo anakwenda kwa binti yake Kisumu na ameibeba ndani ya kikapu cha mayai, kwa hivyo kama inanuka kuku usicheke. Mpe chai. Ni mtu mzuri. Na yeye ndiye ameona, si mimi, kwa hivyo muulize mwenyewe kama huniamini.

Ilikuwa Jumapili ya Pentekoste. Tulikuwa kanisani, masifu ya jioni. Nabalayo yuko getini. Akaja mzee, akasimama nje ya geti, akamsalimia kwa Kiswahili cha kwetu, kwa heshima. Akasema anamtafuta Aloo, nyar Opondo, yaani binti wa Opondo. Nabalayo akamwambia Aloo yuko kwenye sala, angoje kwenye benchi. Akakaa. Kofia ameishika mkononi. Akauliza swali moja tu. Akauliza, "Nyumbani wameshazika?"

Nabalayo akasema, "Kumzika nani, Mzee?" Mzee akaizungusha kofia mkononi. Nabalayo akamwambia hajasikia habari ya mazishi kwetu, na angeisikia, kwa sababu mimi Aloo naongea sana. Yule mzee akasema, "Basi bado nina muda."

Nabalayo akaingia kuniita. Tuliporudi benchi lilikuwa tupu. Lilikuwa limelowa, Owiti, maji yanadondoka kutoka kwa mbao, na siku hiyo hapa hakukuwa na wingu. Nabalayo akasema labda mtoto amemwaga. Hatuna watoto hapa.

Nilijiambia ni mtu wa kwetu tu, mgonjwa wa akili. Halafu ikafika barua yako. Ile pini uliyoifuta ukicheka. Niliisoma nimesimama, Sista Mlezi ananitazama usoni, na nikaandika zile sentensi tatu kwa sababu ndizo tu mkono wangu uliweza kuandika mbele yake.

Ndiyo, namuota. Haongei. Anatazama juu, kama mtu anayefuata taa. Nafikiri ni wewe. Nafikiri kila ukishusha nyota, yeye anaiona pia.

Sijui aliyekuja ni mtu au si mtu. Hapo ndipo nimekwama miezi yote hii. Kama ni mtu, tunamfungia mlango baba yetu mwenyewe, naye anakuja kwa miguu. Kama si mtu, na tusipozika, tunamfungulia, na Mama yuko ndani ya nyumba hiyo peke yake.

Sista Mlezi amenipa ruhusa ya kuja mazishini. Nimekataa. Nimesema ni kwa ajili ya mfungo. Ukweli ni kwamba naogopa kumkuta njiani.

Nilikuambia zikeni. Sasa sijui tena. Wewe ndiye utakuwa umesimama pale.

Aloo wako


Kisian
30 Novemba 2024, asubuhi

Aloo,

Hujambo. Mama hajambo. Ameshona gauni jeusi, ameliweka juu ya kiti, hajalivaa. Watu wamejaa boma lote, wamelala kwenye turubai, Baba Walter anakoroma kuliko jenereta. Mama Nabalayo alikunywa chai yangu na kunisimulia yote, neno kwa neno kama ulivyoandika. Nilimuuliza sura. Akasema, "Ana sura yako, mwanangu, kama ungezeeka na kuchoka." Nilimshukuru. Sikulala.

Wamechimba kaburi jana, upande wa kulia wa nyumba ya Mama. Yago lilifika jioni. Walter mwenyewe alilifunga kwa shuka ya Baba, na aliposhikilia lile fundo alilia, nami nikalia, na kwa muda kidogo nilikuwa nimekubali kabisa.

Halafu nimeamka kabla ya jua, na nimevunja ahadi yangu. Usinikasirikie. Nilitaka kuhakikisha kwamba hayuko karibu. Nilifikiri pini itakuwa imerudi majini, au imekaa kwenye mafunjo, na nitasema hakufika, nimejaribu, nishushe tunda kwa amani.

Nilimwaga molasi kwa karai la Mama, nikakaa nalo kati ya kaburi na mlango wake. Sirius inashuka magharibi, Spika inapanda mashariki. Simiyu amekuja na pikipiki tangu jana kunisaidia, alikuwa ameamka, akanishikia simu bila kuniuliza kitu. Nyota zilishuka vizuri. Sijawahi kupima vizuri hivyo.

Simiyu akaweka pini. Akaitazama, akatabasamu, akanipiga bega. Akasema, "Hatimaye, Buda. Umepatia." Akanionyesha.

Pini iko hapa. Iko kati ya kaburi na mlango wa Mama. Ni pale pale nilipokuwa nimekaa.

Simiyu anafikiri nimejifunza. Anafikiri yale mengine yalikuwa makosa na hii ndiyo sahihi. Lakini wewe unajua, Aloo. Hicho kifaa hakijawahi kunionyesha mimi niko wapi. Kila mara kilikuwa kinaonyesha yeye yuko wapi. Leo ni mara ya kwanza ambayo mahali pake na mahali pangu ni pamoja.

Sijageuka nyuma. Naandika nikiwa nimekaa hapo hapo, karatasi juu ya goti. Nyuma yangu kuna nyasi na nyumba ya Mama, na sijasikia kitu, na sijageuka.

Jua limetoka. Watu wanaamka, wanasafisha meno kwenye ndoo. Simiyu ana kazi Kitale, hawezi kungoja mazishi, kwa hivyo atakupa hii mkononi getini. Ukiifungua, litakuwa limeshafanyika, moja au lingine. Simiyu ananiambia Mama amevaa gauni. Anasema amesimama mlangoni akiangalia upande wangu, na sijui kama ananiangalia mimi.

Baba Walter ameshaniita mara mbili. Tunda liko ukingoni mwa kaburi, kwenye mkeka. Anasema niliinue, ni kazi yangu, hakuna mwingine anayeweza. Nikilishusha, Mama anakuwa mjane leo na kesho Walter anapanda kwenye paa. Nisiposhusha, watu wote hawa wanarudi kwao, na usiku tunabaki mimi na Mama na aliyefika.

Ananiita tena. Nasimama sasa.

Ungekuwa ni wewe umeketi hapa, nyaminwa, na hujageuka, ungefanya nini?

Owiti